Tajiri Akikataa Kukuweka: Haki na Wajibu wa Mwenye Kupunguzwa Kazi

 

Tangu mwaka 2020 liko suala moja ambalo halikomi kuletwa mbele ya darsa yetu. Laletwa na mpishi wa hoteli, na karani wa bohari la makontena, na dereva wa lori, na mwalimu wa skuli ya kibinafsi. Maneno yao hutofautiana, lakini maana ni moja. Kazi ilipopungua, mfanyakazi alimwendea tajiri wake akamwomba asimfute, bali amweke kando bila ya mshahara, jina lake libaki kitabuni mpaka siku mambo yatakapotengemaa. Tajiri akakataa, akamkata. Basi mwenye kukatwa huuliza: je, nimedhulumiwa? Na sasa nifanye nini, nami nina watoto, na kodi ya nyumba haingoji?

Tumeona ni vyema kulieleza jambo hili kwa kalamu, kwani jawabu la mdomo husahauliwa, na kila mmoja hulipeleka nyumbani lile neno lililompendeza akayaacha mengine. Tena twaona watu wetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: haya ni majaaliwa, nyamaza, subiri, rizki haiko mikononi mwa mja. Kundi la pili lasema: tajiri ni dhalimu, na kila alichokikataa alikuwa lazima akitoe. Wa kwanza waacha haki yao wakidhani kwamba hiyo ndiyo dini. Na wa pili wadai kisichokuwa chao, kisha kile kilicho chao hasa hawakidai, kwa sababu hawajapata kukijua.

Kwanza natuyakumbuke mambo yenyewe yalivyokuwa. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25, na tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka usiku. Tarehe 8 Aprili ikakatazwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Tarehe 6 Mei, nasi tumo katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa peke yake. Mahoteli tangu Diani mpaka Malindi yalifunga milango. Asiyekuwa wa pwani pengine hajui maana ya hayo. Riziki ya miji yetu hii hupitia milango miwili, bandari na wageni. Na mlango wa bandari ulikwisha kubanwa kabla ya hapo, makontena yalipokuwa yakipelekwa Nairobi kwa reli mpya, hata watu wakaandamana barabarani mwaka 2019. Ulipofungwa na mlango wa pili, nyumba nyingi hazikuwa na pa kutokea.

Wako matajiri waliowaweka watu wao kwa nusu ya mshahara, na wako waliowaweka bila ya mshahara kwa mapatano, na wako waliokata moja kwa moja. Huko Uingereza, ambako wako jamaa zetu wengi waliohamia, serikali ilitangaza tarehe 20 Machi 2020 kwamba itamlipia mfanyakazi aliyewekwa kando asilimia 80 ya mshahara wake, pasizidi pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango huo ukaendelea mpaka tarehe 30 Septemba 2021. Hata hivyo, na jambo hili wengi hawalijui, hiari ilikuwa ya tajiri. Fedha zilikuwa za hazina ya serikali, lakini mfanyakazi hakuwa na uwezo wa kumlazimisha tajiri aziombe. Na tangu Agosti 2020 tajiri alitakiwa naye achangie kiasi fulani. Basi hata huko walikuwako waliokataliwa na kukatwa. Hapa Kenya hapakuwa na hazina ya namna hiyo. Serikali ilipunguza kodi ya mishahara mwezi wa Aprili 2020, na apataye shilingi 24,000 au chini yake akasamehewa kodi hiyo yote. Ni jambo jema, lakini asiye na mshahara hana kodi ya kusamehewa.

Tuje sasa kwenye hukumu. Kazi ya mshahara katika sharia yetu ni ijara, nayo ni mapatano baina ya watu wawili, kama vile kuuza na kupangisha. Mwenyezi Mungu ameamrisha mwanzo wa Suratul Maida kwamba mapatano yatimizwe. Na mfano ulio bora wa mapatano ya kazi umo katika Suratul Qasas, katika kisa cha Nabii Musa, amani imshukie. Alifika Madyan hali ni mkimbizi, hana kazi wala mwenyeji, akawanywesha wanyama wa wanawake wawili bila ya kuomba malipo, kisha akajitenga kivulini akamwelekea Mola wake akikiri kwamba ni muhitaji wa kheri yoyote. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, akitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Mzee naye akampa masharti yaliyo wazi, kwamba atatumika miaka minane, na akitimiza kumi, basi ile miwili ni hisani yake mwenyewe, wala mzee hataki kumtia taabuni.

Tazameni jinsi minane ilivyotengwa na miwili. Minane ni haki, na miwili ni hisani. Katika kisa hiki hisani ilikuwa upande wa mfanyakazi, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Mungu ziwe juu yake, kwamba Nabii Musa aliutimiza muda ulio mrefu. Katika suala letu hisani iko upande wa tajiri. Lakini mpaka ni ule ule. Tajiri mwenye kuishiwa na kazi, ambaye mapatano yake na mtu ni ya mwezi kwa mwezi, halazimiki kumweka kitabuni mtu asiyemhitaji. Akimweka, amefanya wema, na Mungu hapotezi ujira wa wenye kutenda wema. Akikataa, hakudhulumu kwa kukataa kwake huko. Dhuluma itakuja, ikija, katika namna alivyomkata, na katika yale aliyomzuilia baada ya kumkata. Hapo ndipo ilipo ile minane, na hapo ndipo mwenye kupunguzwa apaswapo kuyafungua macho yake.

Kabla ya kuitaja hiyo minane, yafaa tuseme neno juu ya ile hisani aliyokataliwa, kwani wengi huilia bila ya kuipima. Likizo ya kungojea bila ya mshahara si neema nyakati zote. Tumewaona waliopewa barua ya kungoja wakangoja mwaka na zaidi, hawalipwi mshahara kwa sababu hawafanyi kazi, wala hawalipwi haki za kuachishwa kwa sababu hawajaachishwa. Akitaka kwenda kuandikwa mahali pengine huogopa kuipoteza miaka yake; akibaki, hana kitu. Mwenzake aliyekatwa siku ile ile alipokea fungu lake, akanunua jiko na meza, akaanza. Hatusemi kwamba kukatwa ni bora. Twasema kwamba apewaye likizo ya kungoja naye aulize ni ya muda gani, na je, miaka yake ya nyuma yahesabiwa, na aombe hayo yaandikwe. Na ijulikane pia kwamba likizo hiyo ni mapatano, si amri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwajiriwa wa muda maalumu akiwa amejitoa kwa ajili ya kazi na mapatano yangali yako, ujira wake wapasa hata kama tajiri hakumtumikisha. Basi tajiri hawezi kuwaambia watu wake peke yake, "Kaeni nyumbani, sitalipa," kisha akayaita hayo mapatano.

Ama minane yenyewe, sheria ya nchi yetu imeitaja, nayo haipingani na dini, bali yamsaidia mnyonge kuipata haki yake. Katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, tajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu ya upungufu wa kazi hana ruhusa kuamka asubuhi akafunga lango. Yampasa awajulishe kwa uchache mwezi mmoja kabla: ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, basi chama hicho na afisa wa leba wa mahali hapo, na ikiwa si mwanachama, basi mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi, pamoja na afisa wa leba. Katika kuchagua nani aondoke, atazame miaka ya mtu kazini, na ujuzi wake, na uwezo wake, na jinsi anavyotegemewa. Si nani ni mpwa wa meneja. Siku za likizo ambazo mtu hakuzichukua zilipwe kwa fedha. Apewe notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi badala yake. Kisha alipwe, kwa kila mwaka kamili aliotumika, mshahara usiopungua wa siku 15.

Tupige mfano, maana hesabu ya jumla haimshiki mtu. Mtu alikuwa na mshahara wa shilingi 24,000, naye ametumika miaka 11 na miezi 8. Tukiugawanya mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 800. Siku 15 ni shilingi 12,000. Miaka iliyo kamili ni 11, na ile miezi 8 haihesabiwi. Basi ni shilingi 132,000. Mwezi wa notisi ni shilingi 24,000. Kama ana siku 21 za likizo hakuzichukua, ni shilingi 16,800. Jumla yake ni shilingi 172,800, na mshahara wa siku alizokwisha fanya kazi mwezi ule uko mbali. Wako wagawanyao mwezi kwa siku 26 za kazi, na hapo hesabu huzidi. Mtu huyu sisi tumemjua, ingawa hatutamtaja wala kumtaja tajiri wake. Alipewa shilingi 30,000 na karatasi ya kutia sahihi, naye alikuwa tayari kushukuru.

Na karatasi hiyo ndiyo twaionya zaidi. Huandikwa kwamba, "Nimepokea haki zangu zote, sina dai tena." Mtu ana njaa, aziona noti mezani, atia sahihi. Wanavyuoni wa Kishafii, katika kauli iliyo mashuhuri kwao, wamesema kwamba kusamehe deni usilolijua kiasi chake hakusihi. Lakini usiitegemee fatwa hiyo mbele ya wakili wa tajiri, kwani kadhi siye atakayeisikiliza kesi yako, na sahihi yako yaweza kukuziba mdomo. Isome. Kama huijui lugha yake, mpelekee anayeijua. Kama fedha ni za haki lakini si zote, andika juu ya karatasi kwamba umepokea kiasi kadha, na kwamba kilichobaki wakidai. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Bakara, yahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Watu wetu waisoma katika khitma kwa sauti nzuri, kisha wafanya kazi miaka 15 bila ya kipande cha karatasi.

Kibarua naye asidhani kwamba yu nje ya hayo yote. Aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haimaliziki katika miezi 3, huyo mbele ya sheria si kibarua tena, hata kama tajiri aendelea kumwita hivyo na kumlipa kila jioni. Na mwenye kuona kwamba ameachishwa isivyo haki anayo miezi 3 ya kumpelekea malalamiko yake afisa wa leba, na miaka 3 ya kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira. Muda huo hupita upesi kwa mtu aliyekaa akingoja kuitwa.

Hapa ndipo lile kundi la kwanza husema: kushtaki ni kukosa subira. Jawabu letu ni hili. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) deni lake kwa maneno makali, hata masahaba wakataka kumfanya vibaya. Mtume akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha alipwe, tena kwa kilicho bora kuliko chake. Ikiwa Mtume hakumwita mdai yule kuwa hana subira, nani awezaye kumwita hivyo mama aliyefua mashuka ya hoteli miaka 11? Subira ni kutolaani, na kutovunja kioo cha mtu, na kutosema uongo katika madai. Kunyamaza juu ya haki ya watoto wako hakumo katika maana yake.

Neno sasa kwa matajiri, na hasa walio Waislamu, kwani nao wamo katika wasomaji wetu. Mtume (S.A.W.) ametupa habari kutoka kwa Mola wake kwamba watu watatu, Yeye mwenyewe atakuwa mshindani wao siku ya Kiama, na mmoja wao ni mwenye kumwajiri mtu akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Na katika kile kisa cha watu watatu walioangukiwa na jiwe pangoni, mmoja aliokoka kwa sababu mwajiriwa wake aliondoka akauacha ujira wake, naye akaufanyia biashara mpaka ukawa mifugo. Mwenyewe aliporudi baada ya muda akapewa wote. Hatumtaki mwenye duka la Biashara Street afike daraja hiyo. Twamtaka tu asimwambie aliyemtumikia tangu ujana, "Mungu akubariki, funguo ziache hapo."

Na kama tutaendelea kusema kweli, basi tusiishie kwa wenye hoteli. Madrasa zilipofungwa mwaka 2020, walimu wangapi walipata hata shilingi moja? Mwalimu asomesha watoto 80 kwa mshahara ambao mtumishi wa ndani asingeukubali, hana karatasi, hana siku za likizo, na kamati yake imejaa watu ambao kwao wenyewe hawakosi kudai marupurupu. Siku ya kufunga aliambiwa aombe dua. Sheria ya ajira haikumvua mwalimu wa madrasa, na sharia ya Mungu ndiyo kabisa haikumvua. Kamati yenye kukusanya fedha za mnara, na ina deni la mwalimu, yafaa ijiulize ni lipi kati ya mawili hayo lililo faradhi.

Tumrudie sasa mwenye kupunguzwa, naye amefika nyumbani. Ugonjwa ulioenea katika miji yetu ni kuficha. Mtu huvaa nguo zake za kazi kila asubuhi, akaaga, akaenda kukaa baraza ya mtaa mwingine mpaka alasiri, na mkewe hajui. Huku nyumbani bado wala samaki na nyama kwa mkopo wa dukani. Miezi 3 yapita, siri yafichuka, na deni limekwisha kumea. Haya ya namna hii haikuamrishwa na dini. Yapasa ajue mke siku ile ile, wajue na watoto walio wakubwa, ili matumizi ya nyumba yapimwe upya. Sura ya Talak imesema kwamba mwenye dhiki atoe katika kile alichopewa na Mungu, wala Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kadiri ya alichompa. Na wanavyuoni wetu wameiweka nafaka ya mke kwa daraja, ya mwenye nafasi na ya mwenye dhiki. Wala mke halazimiki kutoa mali yake. Ikiwa anauza mahamri au ana kazi yake, akatoa, hiyo ni sadaka, na katika hadithi ya Zainab mke wa Ibn Masud imethibiti kwamba atapata ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Mume naye asikipokee kama kwamba ni haki yake, na asimwambie mkewe kwamba fedha zake hazina baraka.

Fedha zile za kuachishwa, kabla hazijatiwa mkononi, zimekwisha kuwa na wenyewe. Mjomba ana harusi. Jirani ana wazo la biashara. Kijana wa nyumbani ataka tuktuk. Shauri letu ni mtu atoe kwanza kodi na chakula cha miezi aionayo kuwa itatosha, kisha amwendee kila anayemdai, kabla ya kuendewa. Wengi wa wenye kudai hulainika wakijiwa kwa adabu na kwa kiasi kidogo mkononi, na aya ya 280 ya Suratul Bakara imewaamrisha wamngoje mwenye dhiki mpaka apate nafasi. Mikopo ya simu aikimbie. Ni riba iliyo wazi, nayo huja usiku, mtu yu peke yake na simu yake, wala hapana wa kumzuia. Ama kuhusu tuktuk, hatuikatazi. Lakini mtaa ambao kila aliyepunguzwa amenunua tuktuk hautabaki na abiria. Kinachofaa ni mtu aanze kwa kile ambacho mikono yake imekwisha kukizoea. Mpishi apike. Fundi wa umeme wa hoteli ana kazi katika nyumba za watu ambayo hajapata kuitazama.

Wako pia wanaokwenda kuandikiwa kombe ili moyo wa tajiri ulainike, au wanaoambiwa kwamba nyota yao imefungwa na mwenzao wa kazini, na kufunguliwa kwake kuna bei. Hili ni jambo la kuhuzunisha, kuona mtu aliyekatwa kwa hesabu za hoteli akipokonywa na mganga kile kidogo alichobakiziwa. Nabii Musa alipokuwa kivulini aliomba kwa Mola wake moja kwa moja, wala hakulipa.

Mwisho ni zaka, na jambo hili ndilo watu wetu walilolisahau zaidi. Mwenye kupunguzwa kazi, ikiwa hana kinachomtosha yeye na walio chini yake, ni fakiri au ni maskini katika maana ya aya ya 60 ya Suratu Tawba, hata kama jana alikuwa akivaa tai. Na mwenye deni asiloweza kulilipa, alilolichukua kwa jambo la halali, ana fungu lake mbali. Haombi, achukua haki yake. Hata katika kuomba, Mtume (S.A.W.) alimwambia Kabisa bin Mukharik kwamba kumehalalika kwa watu watatu, mmoja wao ni aliyefikwa na balaa iliyoangamiza mali yake, mpaka apate cha kumwezesha kusimama. Nasi ni desturi yetu kugawa zaka shilingi mia mia mlangoni mwa duka katika Ramadhani, watu wakipanga safu juani. Imam Nawawi na wenziwe katika madhehebu yetu wameandika kinyume cha hivyo, kwamba mwenye ufundi apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, hata ikiwa thamani yake ni kubwa, na mfanyabiashara apewe rasilmali ya kumtosha. Maana yake ni jiko la mpishi, na cherehani ya fundi wa nguo, na nyavu za mvuvi. Matajiri watano wa mtaa mmoja wakizikusanya zaka zao mahali pamoja wanaweza kuwasimamisha watu kadhaa kwa mwaka, nao mwaka wa pili hawatakuwamo katika safu.

Liko suala dogo lililobaki, ambalo liliulizwa katika darsa iliyopita. Tajiri aliyemkata mtu, kazi ikifunguka akimwita tena, je, arudi? Ndiyo, arudi akitaka. Hapana aibu katika kurudi, wala si lazima. Lakini ajue kwamba aliyekwisha lipwa haki za miaka yake ya nyuma huanza mapatano mapya siku ile, na miaka yake yahesabiwa tangu hapo. Aombe tarehe hiyo iandikwe katika barua yake, na nakala yake aiweke nyumbani, si katika kabati la kazini.